Kompyuta Tano na Daftari la Baba

Mwezi wa tatu mwaka 2017 nilimnunulia Baba laptopu iliyotumika. Niliichukua Kariakoo, nikapanda nayo basi la Tanga nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga, konda akaniomba mara mbili aiweke kwenye buti nikamkatalia. Baba macho yalikuwa yamekwisha. Presha ya macho ilimla taratibu tangu alipostaafu ualimu, na mwaka ule hata vichwa vya habari vya gazeti, zile herufi za ukubwa wa kidole, hakuziona tena. Mtu ambaye nyumba yake ya Ngamiani ilikuwa na vitabu mpaka juu ya kabati la vyombo, sasa anashinda barazani na redio, anasikiliza vipindi anavyovijua kuliko watangazaji wenyewe.

Mimi nilidhani dawa ninayo. Nilipokuwa nasoma Leeds, Uingereza, kati ya 2009 na mwisho wa 2010, nilinunua vitabu vya kusikiliza kwenye duka la iTunes, lile la Apple la mtandaoni. Nilianza kwa sababu ya safari za basi kwenda chuo asubuhi na baridi ile, baadaye ikawa tabia. Vilifika kumi na saba: historia, safari za mabaharia, riwaya mbili tatu. Vyote vya Kiingereza, na Baba alifundisha Kiingereza miaka thelathini na kitu. Unaona jinsi mambo yalivyokuwa yamejipanga vizuri kichwani mwangu.

Tukakaa barazani. Nikaweka programu ya iTunes, nikahamisha mafaili kutoka kwenye diski ya nje, nikabonyeza kitabu cha kwanza. Kikatokea kisanduku: kompyuta hii haijaidhinishwa, andika jina la akaunti na neno la siri. Nikaandika. Kikatokea kisanduku cha pili: umeshaidhinisha kompyuta tano, na tano ndio mwisho.

"Mbona kimya?" Baba akauliza.

"Kinaomba ruhusa, Baba."

"Nani anaomba ruhusa?"

"Kitabu."

Akanyamaza kidogo, mkono umeshika bakora. "Hicho ulichonunua?"

"Ndiyo."

"Kwa hela yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Na kinaomba ruhusa kwa nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile. Nilikuwa mtumiaji wa kubonyeza tu. Neno la siri likiombwa, naliandika. Kisanduku kikitoka, nabonyeza ndiyo. Miaka minane nilikuwa natoa idhini hivyo hivyo, kama mtu anayeweka sahihi karatasi asiyoisoma.

Usiku ule nikakaa nisome masharti niliyoyakubali zamani. Habari yenyewe ni hii. Duka la iTunes lilipofunguliwa Aprili 2003, kila wimbo uliouzwa ulikuwa na kufuli ndani yake. Ukinunua unapewa faili, lakini ufunguo hukaa kwenye kompyuta uliyoiidhinisha kwa akaunti yako. Mwanzoni kompyuta zilizoruhusiwa zilikuwa tatu, na mwaka 2004 zikawa tano. Faili unaweza kulinakili mara mia ukipenda, ulipeleke popote, ukaliweke hata kwa jirani. Kwenye kompyuta isiyo na idhini halifunguki. Baadhi ya nyimbo zilianza kuuzwa bila kufuli mwaka 2007, na mwaka 2009 zikawa nyimbo zote, na hilo ndilo lililonipumbaza, kwa maana kila nilipobadilisha kompyuta nyimbo zangu ziliimba bila kuuliza kitu nami nikaamini kila kitu ni changu namna ile ile. Filamu, vipindi vya televisheni na vitabu vya kusikiliza vilibaki na kufuli. Hata nyimbo za zamani, zilizonunuliwa kabla ya mabadiliko hayo, unazitambua kwa mkia wa jina la faili: ikiishia na m4p ina kufuli, ikiishia na m4a haina. Nilikuwa nazo kumi na moja za m4p, nami nilidhani zimeharibika.

Asubuhi nikamweleza Baba. Akasikiliza mpaka mwisho, akanywa kahawa yake, akasema, "Basi wana daftari kama langu. Zitaje hizo tano."

Daftari la Baba lahitaji maelezo. Lilikuwa kaunta buku, gamba gumu jeusi, limeshonwa upya kwa uzi wa nyavu. Tangu miaka ya themanini aliazimisha vitabu vyake kwa mtu yeyote wa mtaani aliyejua kusoma, na kila kitabu kilichotoka mlangoni kiliandikwa: tarehe, kitabu, aliyechukua, na nafasi tupu ya siku ya kurudi. Kikirudi, jina linapigwa mstari mwekundu. Mtu mmoja vitabu viwili. Ukija kuomba cha tatu anakuambia, "Rudisha kwanza," hata uwe shemeji yake. Tuliokua kwenye nyumba ile tulimcheka sana kwa daftari hilo. Mama alikuwa akisema mwanamume huyu siku ya kufa atamwandikia Israili risiti.

Nikaanza kuzitaja.

Ya kwanza ni laptopu niliyonunua Leeds, nikarudi nayo. Ya pili ni kompyuta ya ofisi niliyofanya kazi Chumbageni. Niliweka programu ile pale ili nisikilize kitabu nikiwa najaza majedwali, mradi ukaisha, vifaa vikapigwa mnada, na sijui kompyuta ile inakaa wapi leo. Ya tatu naona haya hata kuitaja: kompyuta ya kafe ya intaneti. Intaneti ya nyumbani ilikuwa ya kukokota, kwa hiyo nilikwenda kafe jioni kupakua nilichonunua kwenye duka lile, na programu iliponiuliza kama niidhinishe, nikaidhinisha. Kompyuta ya watu wote! Akaunti yangu ilikaa pale, nami nikaondoka na flashi yangu nimeridhika. Ya nne ni ya mdogo wangu, alipokwenda chuo Dodoma. Aliiuza kwa mwenzake wa bwenini akanunua nyingine.

"Hizo nne," Baba akasema.

"Nne, Baba."

"Na wao wamesema tano."

"Wamesema tano."

Nikaingia kwenye ukurasa wa akaunti nikitumaini nitaona orodha. Hakuna orodha. Pale pameandikwa idadi ya kompyuta zilizoidhinishwa, tarakimu moja tu, tano. Hazitajwi ni zipi, za tangu lini, wala ziko wapi. Nilipomweleza Baba akashika kichwa. Daftari lisilo na majina aliliona ni jambo la ajabu kuliko hilo la kitabu kuomba ruhusa.

Siku mbili nilizunguka na ile ya tano kichwani. Nilifikiria labda mtu kaiba neno langu la siri, yule kijana wa kafe labda. Nikamshuku bure. Jioni ya pili Baba akaniita, akaniambia nilete daftari, nifungue kurasa za mwaka 1994. Hakuona hata mstari, lakini alijua kilipo kila kitu.

"Tafuta Mwalimu wa Hesabu. Amechukua nini?"

Nikasoma. Vitabu viwili.

"Teremka chini. Tafuta Baba Mapacha."

Vitabu viwili vingine, mwezi ule ule.

"Ni mtu mmoja," Baba akasema, na akacheka mpaka akakohoa. "Alikuja na kanzu nikamwandika hivi, akaja tena na suruali ya shule mama yako akamwandika vile. Mwaka mzima nimewatafuta watu wawili. Hebu niambie, huyo wako wa kwanza, wa Leeds, hajawahi kubadilisha nguo?"

Amebadilisha. Mwaka 2012 laptopu ile ilikufa diski. Kwa hewa yetu ya chumvi na umeme wa kukatika na kurudi kwa kishindo, nashangaa ilifika hata hapo. Fundi wa Ngamiani akatoa diski, akaweka nyingine, akaipiga Windows upya. Nikaweka programu, nikaandika neno la siri, nikaendelea na maisha. Kwangu mimi ilikuwa laptopu ile ile, na alama yake ya kikombe cha chai kwenye mfuniko. Lakini programu haitambui kikombe cha chai. Inatambua vipuri na Windows vilivyomo ndani, na hivyo vikibadilika yaweza kukuona mgeni ukaandikwa nafasi ya pili. Wenye duka wenyewe wanaagiza uondoe idhini kabla ya kubadilisha diski, kuongeza kumbukumbu au kupiga Windows upya. Mimi agizo hilo nililiona mwaka wa tano baada ya kosa.

Tanga yetu husemwa waja leo waondoka leo. Kompyuta zangu zilikuja, zikaondoka, moja ikafa na kufufuka, lakini kule kwenye akaunti hakuna hata moja iliyoondoka. Zote zimekaa barazani zinasubiri chai.

Njia ya kuzitoa ni mbili. Ya kwanza ni ya kiungwana: unakwenda kwenye kompyuta yenyewe, ikiwa na intaneti, unafungua menyu ya akaunti, mahali pa idhini, unaiondoa. Nafasi moja inarudi. Huwezi kuifanya ukiwa mbali, na huwezi kuchagua moja kutoka kwenye ukurasa wa akaunti. Ya pili ni ya kimbunga: kitufe kwenye ukurasa wa akaunti kinachofuta kompyuta zote kwa mkupuo, zile ulizonazo na zile zilizopotea. Kitufe hicho unakitumia mara moja tu katika miezi kumi na miwili.

Nilikibonyeza bila kupumua. Zote zikafutwa. Nikamwambia Baba, akaniuliza kama niliwaaga.

"Mwanamume ameruhusiwa wanne," akasema, "nawe wamekupa watano, na wote umewaacha bila talaka. Sasa umewapa ya pamoja."

Jioni ile kitabu cha kwanza kikasoma. Ningeishia hapa kama ningekuwa nimejifunza, lakini kwanza nielezee zile wiki, kwa sababu ndizo zilizofanya usumbufu wote uwe na maana.

Nilibandika punje ya mchele kwa gundi kwenye kitufe kirefu cha chini, ingawa hakikuhitaji alama, Baba alikipata kwa kidole gumba siku ya kwanza. Akibonyeza, msomaji anaanza. Akibonyeza tena, ananyamaza. Baada ya alasiri alikaa barazani, laptopu juu ya kigoda, na wazee wenzake wakaja kwa kahawa kama kawaida. Mwanzoni waliona ajabu, Mwingereza anazungumza nyumbani kwa Mwalimu. Wengine hawakujua Kiingereza, na waliojua hawakumfuata msomaji kwa kasi yake. Basi Baba akawa anamsimamisha. Anasikiliza dakika tano, anabonyeza, anageuka, anawahadithia kwa Kiswahili. Na si kwamba alitafsiri. Alikuwa anasimulia, anapunguza hapa, anaongeza pale, nahodha wa meli anapata lafudhi ya Pangani, dhoruba ya bahari ya mbali inakuwa kusi ya kwetu. Mimi niliyekwisha sikiliza kitabu kile nilijua ni wapi anadanganya. Wazee wakabishana kuhusu matanga na pepo, maana miongoni mwao walikuwemo waliosafiri kweli kwa jahazi, wakamsahihisha mwandishi. Siku moja walimsahihisha nusu saa nzima na kitabu hakikusonga hata ukurasa. Nilikuwa jikoni nikiwasikia, nikafikiri, huyu mwandishi angelipa nauli kuja kukaa hapa.

Sasa kosa la pili. Baada ya kufuta zote niliidhinisha upya kama mtu aliyepata mshahara: laptopu yangu, ya Baba, na mpya ya mdogo wangu, ambaye siku hizo alikuwa mwalimu Muheza na alikuja kutusalimia na kuomba filamu mbili. Tatu. Nikajiambia zimebaki mbili, za kutosha. Kisha watoto wa jirani wakachomeka flashi yenye virusi kwenye laptopu ya Baba. Fundi akaipiga Windows. Sikukumbuka kuondoa idhini kwanza, na hata ningekumbuka, laptopu yenyewe ilikuwa haifunguki. Nne. Mwezi wa saba virusi tena, Windows tena. Tano. Mwezi wa nane laptopu yangu ikagoma kabisa, ile ya kikombe cha chai, wakati huu kioo. Nikainunulia mwenzake nikidhani nitaitengeneza pole pole. Nikaweka programu kwenye ile mpya, na kisanduku kile cha pili kikanikodolea macho tena. Kwenye ukurasa wa akaunti kitufe cha kimbunga hakikuwepo. Mwaka haujatimia.

Ipo njia ya kuwaandikia watu wa huduma kwa wateja ukaeleza shida yako, lakini wakati ule sikuijua. Nilichojua ni kwamba, ukiacha ya Baba, kompyuta moja kati ya zile tano iko hai, iko Muheza, na mwenye nayo ni ndugu yangu.

Nikampigia. Akasema, "Dada, nielekeze tu kwa simu." Tukajaribu. Kwanza, hakuwa na bando. Akaazima la mwenzake. Pili, ili kuondoa idhini programu inataka neno la siri, na yeye alikuwa ameiweka simu kwenye spika katikati ya chumba cha walimu. Na neno lenyewe, naomba nieleweke, lilikuwa jina la mtu ambaye mdogo wangu hakupaswa kulijua. Nikamwambia mtandao unasumbua. Jumamosi nikapanda gari ya Muheza.

Ni kilomita thelathini na kitu. Nimewahi kusafiri zaidi ya hapo kwa harusi na kwa msiba, lakini kwa kubonyeza kitufe ilikuwa mara ya kwanza. Nilifika, nikawasha bando langu, nikafungua menyu, akaunti, idhini, ondoa. Nikaandika neno la siri mgongo nimeugeuzia ukuta. Dakika mbili. Mdogo wangu alicheka mpaka wali ukaungua. Nikarudi Tanga na kiroba cha machungwa, kwa sababu huendi Muheza ukarudi mikono mitupu, na jirani aliyeniuliza nimekwenda kufanya nini nilimwambia nimefuata machungwa. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Neno la siri nililibadilisha usiku ule ule. Na kwa kuwa nimelitaja, niseme na la barua pepe. Akaunti ile niliifungulia Leeds kwa barua pepe ya chuo, na barua pepe za chuo hufungwa ukishaondoka. Bahati yangu rafiki mmoja alinishauri niibadilishe wiki za mwisho kabla ya kurudi. Kama si hivyo, siku niliposahau neno la siri, kiungo cha kulibadilisha kingekuwa kinakwenda kwenye sanduku la barua lisilo na mwenyewe, na vitabu kumi na saba vingekuwa hadithi.

Kilichonipumzisha na hizi nafasi tano hakikuwa kompyuta. Binamu yangu aliyekuwa Muscat alikuja likizo akakuta habari hizi ndizo mazungumzo ya nyumba, akacheka, akatoa mkobani kitu kidogo kama kibiriti, hata kibiriti ni kikubwa. iPod shuffle, ile isiyo na kioo. Mwezi ule wa saba Apple walikuwa wametangaza wanaacha kuiuza, naye aliona haina kazi tena. Kwa kijana mwenye simu kweli haina kazi. Kwa mzee asiyeona ni kama aliyeitengeneza alimfikiria yeye: kioo cha nini, wakati vitufe vyote unavipapasa?

Na jambo ambalo sikulijua miaka yote: vifaa vya namna ile havihesabiwi katika zile kompyuta tano. Unaweka kitabu kutoka kwenye kompyuta iliyoidhinishwa, kinacheza. Simu na tableti zina hesabu yake nyingine, vifaa kumi kwa akaunti moja, kompyuta zikiwa ndani ya kumi hizo, na kifaa ukikihusisha na akaunti yako hukihamishii kwenye akaunti nyingine mpaka zipite siku 90. Ile shuffle ya uwezo wa gigabaiti mbili ilibeba vitabu sita, saba kama vifupi. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikavitoa vilivyokwisha nikaweka vingine. Baba akaishikiza kwenye kola ya kanzu, waya mmoja sikioni, akawa anasikiliza hata njiani akienda msikitini, jambo ambalo Mama alilipinga na akashindwa.

Machi 2018, mwaka ulipotimia, nilifuta zote tena. Safari hii Baba aliniambia nilete daftari kwanza. Ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, nyuma kabisa, tukachora mistari kama ya vitabu: tarehe, kompyuta, imeandikwa kwa nini, imeondoka lini. Tatu tu zikaandikwa: yangu mpya, ya Baba, na ile ya kikombe cha chai iliyokuwa imetengenezwa kioo. Za kafe na za ofisini zisikaribie. Mdogo wangu akitaka filamu aje aangalie hapa, na tambi tutampikia.

Mwaka 2019 nilimsomea Baba habari ya Microsoft. Walitangaza mwezi wa nne kwamba wanafunga duka lao la vitabu vya kusoma kwenye kompyuta, na mwezi wa saba vitabu vyote vilivyonunuliwa pale vikaacha kufunguka, hata vya bure. Wateja walirudishiwa hela zao.

"Zote?" Baba akauliza.

"Zote."

Akatafakari. "Basi ni watu wazuri. Lakini hawakuwa wameuza. Walikuwa wamekodisha, na hawakulisema neno lenyewe."

Nadhani hapo alikuwa sahihi, na tangu siku ile kabla sijalipa nauliza kwanza: hiki nanunua au nakodi? Ikiwa nakodi, sawa, vingapi nimekodi maisha haya, nyumba mojawapo. Lakini bei niijue kwa jina lake. Na vile vinavyouzwa bila kufuli, nyimbo kwa mfano, ndivyo ninavyonakili kwenye diski mbili, moja nyumbani na moja kwa mdogo wangu Muheza. Vyenye kufuli pia nanakili, kwa kuwa hata idhini ukipata, bila faili unaidhinisha hewa. Hilo watu huchanganya: idhini ni ruhusa ya kufungua mlango, haikuletei nyumba. Dukani kitabu kikiondolewa huenda usikipakue tena.

Mwishoni mwa mwaka ule niliamua kuiuza ile ya Leeds. Ilikuwa imezeeka, betri imekufa kabisa, inafanya kazi ikiwa tu imechomekwa ukutani. Kijana mmoja wa Makorora aliitaka kwa kujifunzia. Akaja na baiskeli saa tisa alasiri, hela mkononi. Nikaichomeka, ikawaka, nikafungua programu, na kabla sijafika kwenye menyu umeme ukakatika.

Nikamwambia kijana samahani, siwezi kumpa bado. Akasema hana neno, hata kama kuna mafaili yangu atafuta mwenyewe, fundi anaye, ataipiga Windows leo leo. Baba akaruka kwenye kiti. "Windows? Hapana. Kaa hapa, mwanangu. Leteni kahawa."

Kijana akakaa. Saa kumi ikapita. Wazee wakaja mmoja mmoja, wakamkuta, wakataka kujua ni nani na ametoka ukoo gani, ikaonekana babu yake aliwahi kusafiri na mmoja wao. Kahawa ikaletwa tena, na kashata. Kila baada ya muda kijana alitazama baiskeli yake, kisha laptopu, kisha mimi. Mwishowe akauliza kwa adabu, "Shikamoo tena, mzee. Samahani, hii kompyuta tunaisubiria nini hasa?"

"Talaka yake," Baba akasema. "Haitoki humu bila kuandikiwa."

Umeme ulirudi saa kumi na mbili kasoro. Nikaiwasha, nikasubiri ijikokote, nikawasha bando la simu, nikafungua menyu, akaunti, idhini, ondoa. Nikaandika neno la siri, lile jipya. Kisha nikaingia kwenye ukurasa wa akaunti kuhakikisha.

"Imesoma ngapi?" Baba akauliza.

"Ilikuwa tatu. Sasa mbili."

"Leta daftari."

Nikaleta, na kalamu nyekundu. Aliniomba nimshikishe mkono mahali penyewe, akapiga mstari yeye mwenyewe, ukapinda kidogo ukagusa na jina la chini yake. Kijana akafunga laptopu nyuma ya baiskeli kwa mpira, akaaga, na tukamsikia akipiga kengele mpaka alipokata kona.